Mtu Mwenye Afya Juu ya Baiskeli ya Resi

Nilisema ndiyo. Shemeji yangu Maroa alikuwa ameinua baiskeli ya resi kwa vidole viwili kuonyesha ilivyo nyepesi, na mke wangu Ghati alikuwa ameshikilia baiskeli nyingine, ya kijani, nzito, ambayo yeyote angeweza kuona kwamba haiinuliki kwa vidole viwili. Tulikuwa Sirari, mpakani, nyuma ya duka la baiskeli za mtumba. Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo kwa ile ya resi. Makosa ya maisha yangu yangejaza gunia na mengine yakabaki nje, lakini kama ningepewa nafasi ya kumeza neno moja tu nililowahi kulitoa, ningemeza hilo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mnene ambaye ameambiwa na daktari atafute baiskeli. Utacheka, nami sikukatazi, maana mke wangu amecheka miaka yote hii na mimi hucheka naye. Ila soma mpaka mwisho kabla hujaenda dukani.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipopamba moto Nyangoto. Watu walimiminika kutoka kila upande na nyundo zao. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, tena niliyemaliza kidato cha nne, nikajiona nina akili nyingi mno kuingia shimoni, nikanunua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wenzangu wakachimba, mimi nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kukaa. Nilikaa chini ya turubai nikisikiliza mashine, na mchimbaji aliyebahatika hakupita bila kuniletea nyama. Mbuzi wa kuchoma pamoja na kichuri, ule mchuzi mchungu unaotoka tumboni mwa mnyama, ambao Mkurya akinyimwa anaona amedhulumiwa. Halafu soda, kwa sababu ya vumbi. Jioni bia, kwa sababu ya soda.

Sasa, huku kwetu mtu akinenepa hatusemi amenenepa. Tunasema amepata afya. Basi nilipata afya. Kwenye karasha walikuwa wananiwekea viti viwili vya plastiki, kimoja kimechomekwa ndani ya kingine, maana kimoja peke yake kilikuwa kinapanua miguu taratibu kama ndama anayejifunza kusimama. Watu walinisalimia kwa heshima. Shikamoo zilitoka hata kwa watu ambao ningepaswa kuwaamkia mimi. Mzee mwenye afya ni mzee ambaye mambo yake yananyooka.

Kiangazi kimoja nikaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na kwenda haja ndogo mara nyingi kiasi kwamba wachimbaji walianza kusema nimegundua mshipa wa dhahabu nyuma ya choo na ninaificha. Halafu miguu. Nilikuwa nikivua viatu na soksi, bado nahisi kama nimevaa soksi. Nilimwambia Ghati. Akaniinamia akanifinya kidole cha mguu kwa kucha zake.

“Nimekufinya?”

“Bado.”

Alikuwa ameshafinya mpaka alama imebaki. Kesho yake tukaenda hospitali Tarime mjini.

Mtu hawezi kuelewa ugonjwa wa sukari mpaka akae kwenye benchi la kliniki asubuhi bila kula. Ilitakiwa tuje na njaa ili damu ipimwe, na kando ya geti palikuwa na mama anayekaanga chapati. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Tulikaa pale, wanaume na wanawake wazima, tukitazama moshi ule kama watu wanaosindikiza ndugu. Mwanamke mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniamkia vizuri, akasogea kunipa nafasi, kisha akauliza, “Mgonjwa wako yuko wapi, baba?”

“Mgonjwa ni mimi.”

Akanitazama kuanzia tumboni hadi tumboni, kwa sababu hapakuwa na pa kumalizia. “Wewe? Na afya yote hiyo?” Akawageukia wenzake benchi zima. “Jamani, huyu naye ni mgonjwa.” Wakacheka hata wale waliokuwa wamekuja wamebebwa. Nikacheka nami, nikatoka kidogo kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikala chapati.

Sukari yangu ilisoma vibaya sana siku ile, na nusu ya ubaya huo, naamini, ilikuwa ya yule mama wa getini.

Mzani wa kliniki ulikataa. Mshale ulikwenda mpaka ukutani ukabaki unatetemeka. Muuguzi akatuandikia karatasi, tukatumwa ng'ambo ya barabara kwa mnunuzi wa mahindi, nikasimama kwenye mzani wa magunia. Vijana wa pale walinipima kwa uangalifu mkubwa. Mmoja akamuuliza Ghati kama nitauzwa kwa jumla au rejareja.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu, mpole wa sauti lakini hakuzunguka. Alinichoma nyayo kwa kitu chenye ncha, huku na huku, na kila mara aliuliza kama nahisi. Mara nyingi sikuhisi. Akaweka kile kitu mezani.

“Mzee, nisikilize. Dawa nitakupa na chakula tutakipanga. Lakini miguu yako imelala. Ukipata jeraha hutalijua, na jeraha la mtu wa sukari halina haraka ya kupona. Linaweza kukunyang'anya mguu. Kila jioni ukague nyayo zako kama unavyokagua mfuko wako wa fedha.”

“Na huu uzito?”

“Upungue. Ila usiende kutembea maili nyingi, viatu vitakuchubua. Tafuta baiskeli. Ya kukaa vizuri, na miguu iwe huru.”

Ghati akauliza, “Kwa hiyo daktari, hizi dawa ni za kumwondolea afya?”

“Hapana mama. Ni za kumrudishia afya.”

“Aongezwe nyingine?”

Yule binti alijitahidi. Aliinamia karatasi zake muda mrefu kuliko karatasi zilivyohitaji.

Nyumbani Nyamwaga sikulala vizuri nikiifikiria hiyo baiskeli, na si kwa sababu ya mguu. Nilikuwa na pikapu. Mwenye pikapu akionekana juu ya baiskeli, Nyangoto nzima ingesema amefilisika, wachimbaji wangepeleka mawe kwenye karasha nyingine. Na kama nikipungua, ndiyo balaa zaidi, maana miaka ile mtu akikonda watu walishusha sauti wakitaja jina lake. Nilitakiwa nipone bila mtu kujua naumwa, tena nipungue bila mtu kuona nimepungua. Ndipo nikamwita Maroa.

Maroa ni mdogo wake Ghati. Aliolea upande wa Kenya na akakaa huko, akawa anajua kila kitu kinachouzwa kati ya Isebania na Migori. Alikuja Sirari na miwani ya jua.

Ghati alikuwa ametangulia kuchagua. Ile ya kijani ilikuwa na siti pana kama kigoda, yenye springi mbili chini. Usukani ulikuwa juu, umepinda kurudi kwa mwendeshaji, na mtu anakaa wima kama yuko kanisani. Tairi nene, spoku nyingi, pedeli bapa za mpira. Na haikuwa na lile bomba la juu linalotoka kwenye usukani kwenda kwenye siti, kwa hiyo mtu hahitaji kurusha mguu ili apande. Anaingia tu.

“Panda, Baba Mwita,” akasema Ghati. “Jaribu.”

Nilijaribu. Nasema ukweli, ilinipokea. Ilikuwa kama kukaa kwa mtu anayekufahamu. Springi zililia kidogo zikatulia.

Maroa akavua miwani. “Shemeji, shuka hapo mbio kabla watu waone. Hiyo ni baiskeli ya mama.”

“Ni ya kijani,” akasema Ghati.

“Dada, haina bomba. Hiyo ilitengenezewa mtu wa sketi. Mwanaume ametahiriwa, ana rika lake, apande hiyo apite nayo mbele ya watu? Hiyo ni ya kubebea kabeji.” Akaleta ile nyingine, nyeusi, nyembamba kama panzi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. “Sasa hii ni mashine. Imetoka majuu. Iko na gia kumi na mbili. Ukipita na hii hakuna mtu atasema uko chini. Watasema, huyu mzee pesa imemzidi mpaka anacheza.”

“Siti yake iko wapi?” Ghati akauliza.

“Si hiyo.”

“Hiyo? Mimi nilidhani ni kisu kimefungwa hapo.”

Halafu akaziona pedeli. Kila moja ilikuwa na kizimba cha chuma mbele cha kuingiza vidole, na mkanda wa ngozi wa kukaza juu ya kiatu. “Daktari alisema miguu iwe huru,” akasema. Hakusema kwa kunifokea. Alisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli.

Niliwaona vijana wa duka wakitusikiliza. Niliona wanaume wawili wa rika langu wakivuka barabara kuja upande wetu. Nikasema ndiyo kwa ile ya resi.

Wiki za mwanzo zilikuwa wakati wa kupanda mahindi, kwa hiyo mashahidi hawakukosekana mashambani. Nilipoikalia, ile siti ilipotea. Mke wa jirani alimwita Ghati kwa sauti aje aone, “Mama Mwita, baiskeli imemwingia mumeo.” Usukani ulikuwa chini sana, nikawa nimelalia tumbo langu mwenyewe, na kila goti likipanda linalipiga, kwa hiyo nilikuwa napumua kwa zamu, mara goti la kulia, mara la kushoto. Niliporudi nyumbani nilikula nimesimama. Kanisani nilisimama pia, mpaka mchungaji akanisifu mbele ya waumini kwa kumheshimu Bwana.

Spoku zilikatika moja moja kwa mlio wa kinanda kibovu. Tairi nazo zilikuwa nyembamba kama mwiko wa ugali ukiutazama kwa ubavu. Siku moja nilikuwa naingia Nyangoto, karibu na mashimo. Wachimbaji walikuwa wanasubiri baruti ilipuke chini, wametega masikio, na mimi nikapita juu ya jiwe. Tairi ya nyuma ilipasuka kwa mlio ambao sijausikia tena. Watu wote wakalala chini. Mwenye chai alilala, mteja wake alilala, mbuzi walikimbia. Nikabaki mimi peke yangu nimesimama katikati ya uwanja, baiskeli mkononi. Walipoinua vichwa na kuelewa, hawakukasirika, na afadhali wangekasirika.

“Mura,” mmoja aliniita, yaani kijana kwa Kikurya, naye mzee wa rika langu, akijipangusa vumbi kifuani, “hiyo mashine yako ikitaka kulipuka tena, piga king'ora kwanza.”

Tangu hapo nikipita waliinama.

Lakini nilipungua. Hilo siwezi kuinyima baiskeli ile. Mvua zilipokatika nilikuwa natumia kiti kimoja cha plastiki. Kliniki mzani ulinikubali, yule mwanamke wa benchi, ambaye sasa tulikuwa marafiki wa njaa, alipiga makofi, na daktari alitazama majibu ya damu akasema niendelee. Aliniuliza baiskeli gani. Nikasema, ya kawaida tu. Aliniuliza kama nakagua nyayo. Nikasema kila jioni. La kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa uongo mkubwa zaidi, maana kuinama kuziona nyayo zangu kulikuwa bado kazi, na Ghati alipojitolea kunikagulia nilimwambia mimi si mtoto.

Nyangoto wakaanza kushusha sauti, kama nilivyoogopa. “Unaumwa, mura?” aliniuliza yule mzee. “Nafanya mazoezi.” “Mazoezi ya nini, unakwenda vitani?” Kwa hiyo nilizidi kuendesha kwa mbwembwe, na kuendesha kwa mbwembwe kulitaka mguu ushikike kwenye pedeli, usiteleze. Nikawa nakaza ile mikanda. Sikuwa nahisi imekaza kiasi gani. Mtu mwenye miguu hai angepiga kelele akalegeza. Mimi nilivuta mpaka tundu la mwisho nikaona nimefunga vizuri.

Siku moja nilipovua soksi ya kushoto ilikuwa na unyevu. Pembeni ya kidole kidogo palikuwa na lengelenge limepasuka, dogo kama punje ya mtama. Halikuuma. Nikalipaka dawa ya ng'ombe niliyoikuta dirishani, nikavaa soksi safi. Kumwambia Ghati kungekuwa kumwambia kwamba alisema kweli pale Sirari, na shemeji yangu, na vijana wa duka, na mikanda, yote upya. Nikaona nitasubiri lipone kwanza, halafu hapatakuwa na la kusema. Nikaendelea kupanda.

Kisha ndani ya nyumba kukaanza kunuka panya aliyekufa.

Ghati ndiye aliyemsikia kwanza. Tulihamisha kabati. Tulihamisha magunia ya mahindi. Mwanangu Mwita alikuja na tochi akaingia chini ya kitanda chetu, akatoka akisema hapo ndipo anaponuka zaidi lakini hamwoni. Mimi mwenyewe nilinunua sumu ya panya, nikaiweka kwenye kona, na nilikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Nilimlaumu Ghati kwa kuacha dagaa wazi. Jumapili mchana nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikimpa Mwita maelekezo ya kubomoa ubao wa dari, na Ghati akawa anazunguka chumba ananusa. Alinusa dirishani. Alinusa nyuma ya redio. Akaja kwenye kochi, akapunguza mwendo, akapiga magoti mbele yangu.

“Baba Mwita, vua kiatu.”

“Cha nini?”

“Vua kiatu.”

Mwita alikuwa bado yuko darini akigonga. Ghati alivua kile kiatu mwenyewe, akavua soksi, iliyong'ang'ania. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali, “Mwita, shuka. Tumempata.”

Hakusema na mimi njiani kote kwenda Tarime. Na kwa Maroa alinyamaza kwa muda mrefu zaidi, mpaka ikabidi wazee wa pande zote mbili waingilie, ingawa niliwaambia kwamba Maroa alishika baiskeli tu, aliyefungua mdomo ni mimi.

Tarime walinitazama mguu wakanipeleka Mwanza. Huko waliondoa kidole kidogo na jirani yake mwanzoni mwa mvua za vuli. Nikajifunza saa za kusafisha kidonda, na kumpenda muuguzi mmoja mzee aliyekuwa analowesha bandeji kwanza kabla ya kuibandua, wakati wenzake walivuta tu kwa kuwa wanajua sihisi. “Hahisi yeye,” alisema, “lakini nahisi mimi.” Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mvuvi wa ziwani, naye wa sukari, ambaye aliniuliza nilijeruhiwa na nini. Nilipomwambia ni baiskeli alidhani nimegongwa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mshono wake, kisha akaniomba radhi, kisha akacheka tena.

Kwa mtu mnene anayesoma haya, nilichojifunza ni kifupi. Kaa juu ya siti kabla hujatoa fedha, ukae kweli, si kwa sekunde. Siti iwe pana kama wewe ulivyo, si kama unavyotamani kuwa. Tairi ziwe nene, maana hewa ndiyo inayobeba mzigo. Hesabu spoku za gurudumu la nyuma, nyingi ni bora. Usukani uwe juu ili tumbo lipate nafasi yake. Kama fremu ni ya chini ya kuingia bila kurusha mguu, shukuru, na wanaocheka waache wacheke, watachoka. Pedeli ziwe bapa. Usifunge mguu wako kwenye kitu chochote. Na jioni, aliye karibu nawe akiomba kuziona nyayo zako, mpe.

Kidonda cha Mwanza hakikufunga. Kilipanda. Tulingoja kiangazi kizima, dawa hii na ile, na mvua za masika zilipoanza daktari alikaa kwenye kitanda changu badala ya kusimama, nikajua. Ghati aliuliza maswali yote, mimi sikuuliza hata moja.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilimwambia Ghati kidole gumba cha mguu wa kushoto kinaniwasha. Yeye alikuwa anajua na mimi nilikuwa bado sijajua. Hakunisahihisha. Alinyoosha mkono akakuna shuka, taratibu, mahali pale pale ambapo kidole kingekuwa, na nikapata nafuu, nikalala.

Baiskeli ile ilinigharimu mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti.